Diski Niliyoiita Igoki

Jumatatu, 3 Machi

Basi, nilikuwa nimefika pale kwa diski kujaa. Mgeni akaja, tukaongea mpaka kalamu ikapotea. Niendelee.

Supavaiza Nyaga ameingia ofisini na majani yake ya muguka shavuni, anatafuna. Ati pale sauti zetu zinawekwa pamejaa. Ijumaa hii sauti za zamani zinafutwa, si zimeshaandikwa kwa karatasi? Hata za cucu Igoki, yule nyanya wa Siakago! Nilikaa na yeye siku nne kwa jua nikimrekodi, nikimchokoza na umbea mpaka akafunguka. Amekufa juzi. Binti yake Marigu nimemuahidi sauti ya mamake itasikika mazishini Jumamosi. Simu yangu haiwezi kubeba hata siku moja ya hayo maneno.

Nyaga ananiambia, "Mama Mugendi, kazi yako ni kuongelesha wazee. Mambo ya seva achana nayo."

Ati niachane. Mimi!

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na hasira nzuri.

Kuna ile agenti ya komputa waliniwekea kwa simu. Mimi huongea tu, yenyewe inapeleka rekodi mahali pake. Niliachia shule darasa la tano lakini mdomo ninao. Nikaiuliza, diski ikijaa watu hufanya nini? Ikasema, unaunda ingine. Hivyo tu! Nimecheka mpaka kuku zikatoroka.

Ikauliza ukubwa. Kama ile ya kwanza. Jina? Stoo. Ikae zoni gani, yaani kwa mashine za mji gani? Ikanisomea majina ya miji ya mbali, nikachagua ile tamu kwa ulimi. Ikanionya. Nikasema endelea.

Haikufanya kazi. Kumbe diski lazima ikae zoni moja na seva, ile komputa kubwa ya ofisi, la sivyo haiwezi kuunganishwa. Aibu yangu. Nikasema futa. Ikaniambia ikifutwa hairudi, nitamke kwanza jina yake. Nikasema Stoo. Kwisha. Kama haikuwahi kuwa.

Hiyo nimeweka kwa kichwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeunda ya pili. Zoni ya seva. Imeunganishwa, imetayarishwa, sauti zote za marehemu zimehamia huko. Nimeiita Igoki.

Ni ya marehemu, lakini hapa sidanganyi. Mama ya Nyaga pia alikuwa Igoki, Mungu amlaze. Na msichana wake wa kwanza akampa jina ya huyo mama, kama kawaida yetu. Nani hajui? Kama kuna mtu hajui, sijakutana naye bado.

Alhamisi, 6 Machi

Vita.

Nyaga ameona diski. Amepiga meza mpaka kikombe ikaruka. Nani alimpa huyu mama ruhusa ya kuunda diski? Nikamwambia ni nyinyi, mliacha mlango wazi. Sijaomba msamaha na siombi. Anasema kesho anaifuta mbele ya macho yangu.

Nimekula ndengu sahani mbili aone siogopi.

Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Tulisimama ofisi nzima, hata askari wa geti. Nyaga akashika simu, akaambia agenti, "Futa diski mpya." Ikamjibu vile ilinijibu mimi. Ikifutwa hairudi. Tamka jina.

  Akatafuna muguka ambayo haikuwa mdomoni. Akaniangalia.

Nikamwambia polepole, "Sema tu, Baba Igoki. Sema futa Igoki."

Askari akakohoa. Hakuna mtu alicheka, hata mimi, na mimi hucheka kwa matanga.

"Wewe mama ni mbaya."

"Mbaya sana."

Akaweka simu kwa meza, akatoka. Jioni akarudi kuchukua koti, akasema kwa ukuta, si kwangu, ataandika kwa ripoti ofisi inahitaji diski mbili. Nilimuumiza? Kidogo. Ningerudia? Kesho asubuhi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumemzika.

Niko nyuma ya jikoni ya Marigu, nimekalia mtungi. Miguu imechoka. Huku kumekauka, vumbi tu, mbuzi zinakula maua ya kaburi na hakuna anayefukuza.

Sauti ilitoka kwa spika ya kanisa. Kwanza kicheko yake, kabla ya neno lolote. Halafu akaanza kumsema jirani wa zamani aliyekula mbuzi wake. Watu wakacheka. Marigu alivua kitambaa cha kichwa akafunika uso. Akaniambia usizime.

Nyaga alikuja. Alisimama mwisho kabisa na msichana wake. Hakunisalimia. Nilisikia mtoto akimuuliza kama huyo cucu anaongea ndiye yeye alipewa jina yake. Akamwambia hapana, si huyo. Sikiliza tu.

Alishika mkono wa mtoto mpaka mwisho.

Sasa wameondoka. Kuna upepo kwa mabati. Nilitaka niandike vile Igoki alimaliza siku ya nne, alinishika kidevu hivi akaniam

Marigu anaita. Ati mchele unaungua. Nitamalizia nikirudi.