Nilipima Ushuhuda wa Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimemnyamazisha mama yangu mzazi na sijui nifanyeje. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nachunguza jinsi akili ya binadamu inavyotunza kumbukumbu za mambo ya imani, kazi yangu ni kusikiliza mtu akitoa ushuhuda uleule katika miaka tofauti halafu naandika kipi kimebaki na kipi kimebadilika, na kwa kuwa kanda za ushuhuda zilizorekodiwa kanisani zilinipungukia nikachukua za mama, ambaye kila akisimama kwenye ibada husimulia jinsi nilivyougua homa nikiwa na miezi saba, baba yuko safarini, akanilaza kifuani akaomba na homa ikashuka. Kwenye kanda ya kwanza homa ilishuka baada ya siku tatu, ya pili siku moja, ya mwisho kabla hajasema amina, na sindano ya zahanati aliyoitaja mwanzoni haipo tena. Ningenyamaza yangeisha, lakini Jumapili moja baada ya chakula nikafungua kompyuta nikamwonyesha jedwali, nikidhani atafurahi kuona mwanawe amesoma, na safu yake nimeiandika "Mshiriki wa Tisa". Akaangalia weee, akavua miwani, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, miaka yote hii nimekuwa nawadanganya watu?" Nikamjibu eti si uongo mama, ni ubongo tu. Tangu siku hiyo hasimami tena, wenzake wakimwomba anasema koo linamuuma, na dada yangu hanisemeshi. Msimamizi wangu naye anasema sehemu ya mama ndiyo bora kuliko zote. Je, nimwambie mama kwamba nilichanganya kanda, ili arudi kusimama?

Mwana wa Mshiriki wa Tisa

*

Mwanangu, pole, ingawa pole kubwa ni ya mama. Umesoma sana, lakini hapo ulichemka. Ulichukua kanda zake bila kumwomba ruhusa kwa kuwa ni mama yako. Mtu baki usingemfanyia hivyo. Sasa unataka kumtuliza kwa uongo, yeye ambaye kinachomnyima raha ni hofu ya kuwa aliwadanganya watu? Usithubutu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniambia siku zimepungua na sindano imetoweka. Hukuniambia kama kuna kanda hata moja ambayo mtoto hayuko kifuani, au baba yupo nyumbani. Nadhani haipo. Mama hakuwa anatunza tarehe, alikuwa anatunza hofu ya kukupoteza akiwa peke yake, na hiyo hajaikosea hata mara moja. Hilo ulilipa nafasi kwenye jedwali lako? Na kumbukumbu zako wewe, unadhani zimekaa vilevile tangu utotoni? Mwambie sote tuko hivyo, wewe na msimamizi wako mkiwemo.

Nenda Jumamosi hii, kompyuta iache. Muombe radhi kwa ajili ya zile kanda, kisha aamue mwenyewe kama zibaki kwenye kazi yako. Akikataa, zitoe, msimamizi atanuna mpaka achoke. Kusimama tena au kutosimama ni juu yake, usimsukume. Muulize siku zile tatu zilikuwaje, na usikilize bila kushika kalamu. Akimaliza, mwambie neno ambalo sijaliona popote katika barua yako ndefu: asante.