Mlima Ulioupanda Nikikugombeza

Wifi yangu Thureya,

Nnakuandikia hali bado nimenuna. Nataka ulijue hilo mwanzo, usije ukadhani hii ni barua ya kulia tu. Dua nnakuombea kila baada ya sala, hilo sina choyo nalo. Lakini kununa nimenuna, na kaka yako nimemnunia miezi minane sasa, nyumba moja, meza moja.

Nianze na khabari, maana hukupenda mtu aingie kwenye maneno kabla ya khabari. Jiko langu la biashara hapa Sib halijambo. Tuna wanawake kumi na mmoja na freza ya tatu imeingia. Ramadhani iliyopita tulikunja sambusa elfu nne kwa wiki na hakuna hata moja iliyofumuka kwenye mafuta. Unazikumbuka zako? Miaka kumi na tisa nimekufundisha kukunja, na miaka kumi na tisa zako zinafunguka, nyama inaogelea upande wake na manda upande wake. Nikaziwekea sahani mbali, sahani ya wifi, za kuliwa nyumbani, zisije zikaniaibisha kwa wateja. Mwaka huu sahani ile haikuwa na kazi. Siku ya kumi na tano ya mfungo nikakaa juu ya gunia la unga nikalia mbele ya wafanyakazi wangu, wanaoniogopa mpaka kivuli. Hakuna aliyejua anitizame au ageuke.

Na nikipita njia ya Darsait mkono unataka kuwasha indiketa wenyewe, niingie kwako kunywa chai. Nna hamu nawe, wifi. Nna hamu nawe mpaka nnakasirika.

Safari ya Italia ilikuwa fikra yako, mpango wangu. Wewe umeshastaafu ualimu, mimi sijapumzika siku saba mfululizo tangu nilipoanza kukaanga vitumbua uwani kwa jiko moja la gesi. Ukaniletea simu nitizame: kijiji cha mkoa wa Umbria, watu wamejipanga kwenye meza ndefu barabarani, wana sherehe ya dengu. Nikakuuliza, dengu hapa hakuna? Ukanambia, "Zipo, wifi. Lakini hapa nikenda sherehe yoyote, kabla sijakaa naulizwa mtoto wa nani, mume yuko wapi. Mimi nataka sherehe ambayo hakuna hata mmoja anayemjua babu yangu." Nikacheka. Kisha nikachukua kalamu.

Siku saba, mji mmoja wa kulala, vijiji sita vya kwenda na kurudi. Kijiji gani kina sherehe siku gani, basi linatoka saa ngapi, kilomita ngapi, adhuhuri itatukuta wapi. Ratiba nzima nikaipiga chapa, nikaitia plastiki. Wewe ukaiita hukumu. Kila asubuhi, na kikombe mkononi: "Haya wifi, tusomee hukumu ya leo."

Kijiji cha pili ndo usinikumbushe. Kilomita ishirini na tatu, basi la saa tatu na dakika arobaini, kivuli kipo, choo kipo, vyote nimeandika. Kitu kimoja tu sikukiangalia: sherehe ya nini. Mimi, mtu niliyejenga nyumba kwa chakula! Tumeshuka, tumefuata muziki, tumeingia uwanjani na mabuibui yetu, na nguruwe mzima kalala juu ya meza, kabanikwa, mdomo wazi, anatuangalia. Nikakukamata mkono turudi. Turudi wapi, na basi ni la saa tisa? Ukakaa kwenye benchi ukacheka mpaka wanja ukateremka mashavuni. "Wifi, umenileta arusi ya nguruwe, na bwana arusi mwenyewe huyo!" Bibi mmoja mnene, mwenye aproni, akatutizama mitandio yetu akaelewa bila ya kuambiwa. Akaingia kwake akatoka na mayai ya kuchemsha manne, nyanya na mkate. Nikayanusa kwanza. Ukanambia, "Yai nalo unalishuku?"

Siku tatu nzima ulikuwa ukinitizama tu unaanza upya kucheka. Nilikwambia nyamaza. Ningelijua, nisingelikwambia nyamaza.

Kijiji cha tano kiko juu ya kilima. Ngazi mia mbili na kumi na nne. Nilizihesabu kwa sababu ulikuwa unasimama kila baada ya kumi. Na mimi mbele yako sikukupa hata pumzi. Nikakwambia huo ndo ukaaji wako wa Darsait, mbele ya feni na sahani ya biskuti. Nikakwambia kobe wa kisiwa cha Changuu wangeshafika, wangeshasali, wangeshalala. Na wewe mkono kifuani, uso umekupauka, unacheka, unanambia, "Sema tena, wifi. Sema." Nikadhani unanikejeli. Nikasema tena. Ngazi mia mbili na kumi na nne nimesema, Thureya.

Juu kule wanawake wamekaa vizingitini wanachambua maua, mabeseni ya rangi rangi mbele yao, na njia nzima ya mawe imetandikwa petali tupu, wanangojea msafara wa kanisa lao uje upite juu yake. Hukuomba ruhusa. Ulivuta kigoda ukakaa, mikono ikaingia kazini kama uko uwani Malindi kwa bibi yenu. Wakakupa sindano na uzi, ukatunga kikuba kwa maua yao ya manjano, ukambandika mmoja wao kifuani. Akaona haya kama mwari. Hakuna lugha hata moja mliyokuwa mnaelewana, na nyote mnazungumza.

Mimi nimesimama na hukumu yangu. Basi letu saa kumi na dakika kumi. Msafara saa kumi na moja. Ukanambia, "Ngoja kidogo, wifi. Nataka kuona wanavyoyakanyaga." Nikakujibu, "Maua yanakanyagwa, una nini cha kuona? Basi halingoji mtu." Ukasimama. Hukunibishia, wewe uliyekuwa ukinibishia hata bei ya chumvi. Hapo ndo ningelijua.

Lilikuwepo basi jengine, la saa moja na nusu. Nilikuwa nnalijua. Lilikuwa kwenye ile karatasi.

Miezi minne na siku kumi na moja baada ya kurudi, ukatutoka. Mwisho wake ulikuwa mfupi, wiki mbili za kitandani, na sote tukasema maradhi yamekuja ghafla. Siku ya pili ya matanga nimeshika birika nnawapitishia watu kahawa, shangazi yenu akasema, kama anayezungumza khabari ya mvua, "Maskini, alijua tangu kabla ya safari. Majibu ya hospitali alikuwa nayo mkobani." Na chumba kizima kikaitikia kwa kichwa. Kizima. Mimi peke yangu, niliyelala nawe chumba kimoja siku saba, ndo sikujua. Niliendelea kumimina. Sikumwaga hata tone. Lakini tangu siku ile nimeacha kumgombeza kaka yako, kwa sababu alijua, akanisaidia kufunga sanduku, akanyamaza.

Watu watasema kheri hiyo, mwanamke kaacha kugombeza. Wewe unaelewa. Miaka thelathini na moja ya ndoa Nassor analala na kuamka na sauti yangu; akiikosa anajua kuwa kwangu hayupo. Nikawa nnamwambia chakula tayari, fundi wa AC kaja, mwanao kapiga simu, basi. Nyumba imekuwa kimya kama maduka ya Ruwi Ijumaa asubuhi, na yeye ndani yake kakonda.

Juzi tulikwenda kwako kumalizia kutoa vitu. Ngazi thelathini na nane, na lifti ndo ile ile ya kuangaliwa. Kaka yako kabeba sanduku la vitabu vyako, katikati akakaa juu yake. Nikampita. Nikamngoja garini, injini inaunguruma. Alipoingia hakufunga mkanda. Akasema akitizama mbele, "Aliniapisha. Alinambia, Nassor, ukimwambia mkeo atanibebea mkoba, atanipa pole kila hatua, atanifanya mgonjwa kabla ya siku zangu. Wa kunionea huruma watakuja wengi. Wa kunigombeza nnaye mmoja tu, usinikoseshe."

Niliendesha mpaka Sib nikapitwa na kila gari, mimi.

Kwa hiyo pale kwenye ngazi ulikuwa unaniomba kweli.

Bado nnakwambia, ulinionea. Ulichagua peke yako namna ya kuagana, ukaniacha niagane nawe bila ya kujua kuwa nnaagana. Ningelijua, ningelingoja lile basi la saa moja na nusu, na la kesho yake, na la wiki ijayo. Na ningelijua, ningelikushika mkono kila ngazi, ningelikuchemshia uji, ningelikutizama usingizini kama unapumua, na wewe usingelicheka hata mara moja. Yote mawili nnayajua. Nimejaribu kutoa moja kwenye jengine, hayatoki. Mara ya kwanza katika maisha yangu nimeshindwa na hesabu ya kutoa.

Jana asubuhi kaka yako akaingia jikoni na viatu, sakafu nimeipiga deki sasa hivi. Mdomo ukafunguka wenyewe. "We Nassor! Hayo macho au vifungo vya shati? Hii sakafu au kituo cha basi? Toka, vua, rudi, chukua tambara!" Na mengine, sikuyahesabu. Akasimama mlangoni na viatu mkononi, mtu wa miaka sitini na mbili, analia na anacheka kwa pamoja. Nikamwambia alie akifuta.

Kisha tukakaa. Nikamwapisha na mimi: atakayeugua kati yetu atamwambia mwenzake siku ile ile, kabla ya jua kuzama, hata kama ni mafua. Kaapa. Akauliza, na ukijua, utaendelea kunigombeza? Nikamwambia nitajitahidi.

Basi ahadi yangu kwako ndo hii, wifi: sitamnyamazia tena kaka yako. Akikosea nitamwambia, asipokosea nitatafuta. Na siku akishindwa kupanda ngazi nitakuwa pembeni yake, nimeshika mkoba wake, na mdomo wangu haujafungwa. Ulinipa kazi bila ya kunambia ni kazi gani. Sasa nimeijua.

Mola akupanulie hapo ulipo, akukutanishe na wema waliotangulia, akuvushe kwa wepesi kila pagumu. Nimekusamehe leo. Kesho huenda nikanuna tena kidogo, nivumilie, ulinizoea.

Nnakwenda. Kaka yako anaita sebuleni, kapoteza miwani, na ninavyomjua kaikalia. Ngoja nikamwambie.

Wifi yako,
Zuwena