Magunia ya Juu

Rotterdam, Jumapili, 17 Machi 1996. Mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke Homa Bay.

Manyunyu tangu asubuhi. Kitabu kiko magotini, sijafungua ukurasa, kwa sababu dada yangu Awuor amepiga simu.

Awuor hununua omena kavu, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba na kuuza Homa Bay mjini. Nilipomtembelea miaka miwili iliyopita, tulisafiri kutoka kisiwani kwa mashua ya nahodha Ouma. Magunia yalirundikwa juu kupita kichwa changu, abiria wakakaa chini, miguu ndani ya maji yaliyovuja. Mimi niliyesimamia shehena melini maisha yangu yote nikashindwa kunyamaza.

"Teremsheni magunia. Uzito ukae chini."

"Kapteni," Ouma akasema, "hapa hatubebi magari ya Wazungu."

Awuor alicheka akashika mbavu. "Omera, ndugu yangu, ya chini yakilowa nani atanunua? Utakula wewe huko Ulaya?"

Niliudhika. Mimi nilikuwa nawaza mvua. Melini, tulipobeba mbao juu ya sitaha, nilihesabu uzito wake zikiwa kavu, kisha nikaongeza maji ambayo zingekunywa njiani. Gunia la omena nalo hunywa. Lakini sikueleza. Nilimwambia Awuor jambo moja tu: mashua ikiinama ikachelewa kuinuka, kana kwamba ina usingizi, msisimame. Tupeni ya juu.

"Sawa, mwalimu," akanijibu, kama anayenyamazisha mtoto.

Wiki hii mvua imewakuta katikati ya ziwa, na mashua ikaanza kusinzia. Ufuo ulipoonekana abiria wakataka kuinuka, kama siku zote, kila mtu awahi kushuka. Awuor akawapigia kelele wakae, akaanza kusukuma magunia majini. Yake ndiyo yalikuwa juu kabisa.

Wamefika wote. Biashara yake imebaki ziwani.

"Ouma sasa anakutaka," akaniambia leo. "Uje ukae Remba, usimamie upakiaji. Rudi, omera. Tutakujengea nyumba."

Badala ya kumjibu nikampa maagizo: Ouma atandike fito sakafuni, magunia yapangwe juu ya fito, maji yapite chini yake. Hivyo yatakaa chini na yatabaki makavu. Melini ndivyo tulivyofanya kila safari. Ni jambo analolijua hata ofisa mwanafunzi.

Akaniuliza:

"Mbona hukusema siku ile?"

Siku ile niliangalia magunia tu. Miguu yao ilikuwa majini, yangu pia, na sikuuliza maji yale yaliwagharimu nini.

Kuhusu kurudi, nimemwambia goti linanisumbua.

Si goti. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hujenga kwanza, wadogo wafuate. Niliondoka bila kujenga hata simba, kibanda cha kijana. Wadogo zangu walinisubiri mpaka wake zao wakachoka, kisha wakanipita. Leo wana wajukuu. Boma la baba limepangwa bila mimi, na limetulia.

Mzigo unaopakiwa mwisho hukaa juu, na wa juu ndio huinamisha mashua.

Kesho nitampigia tena, nimweleze fito zifungwe vipi ili zisiteleze. Hilo naweza kulifanya nikiwa hapa.

Sitarudi.