Dakika Kumi za Misukule

Ijumaa, 2 Mei

Alasiri nimeswali, nimefunga mlango, nimewasha deki. Dakika kumi tu za mwanzo, kama kila Ijumaa. Sizidishi. Mkanda ukichezwa sana unachoka, na huu ulishachoka zamani.

Filamu yenyewe ni ya Wazungu. Wafu wanatoka makaburini, wanaizingira bekari. Idi, marehemu mume wangu, ndiye aliyeingiza Kiswahili juu yake, enzi banda letu la video hapa Isevya, Tabora, linajaa mpaka watu wanakalia ndoo. Wale wafu hakuwaita mazombi. Aliwaita misukule, na mtaa mzima ukaja kuangalia. Hapa kwetu msukule si mchezo. Mtu amezikwa, watu wamelia, kumbe mchawi kamchukua, analimishwa shamba la mtu. Mama mmoja wa Goweko alikuja siku tatu mfululizo, anakaa mbele kabisa, anamtafuta mwanawe katika zile sura. Idi hakumcheka. Alimwekea kiti.

Dakika ya tisa misukule wanagonga mlango wa bekari. Idi anawajibu: "Karibuni, ila vueni viatu, mke wangu ndiyo kwanza amefagia." Mke wake ni mimi. Miaka kumi na tisa tangu afariki nacheka hapo hapo, peke yangu.

Kisha nazima. Filamu ina saa moja na nusu. Iliyobaki naiweka akiba.

Jumapili, 4 Mei

Salma kapiga simu kutoka Mwanza. Binti yangu huyo huuliza kitu kimoja: umekula, mama? Nimekula. Tukaagana.

Ijumaa, 9 Mei

Deki imetafuna mkanda. Idi alianza kukoroma kama aliyebanwa koo, halafu kimya. Nimeuvuta kwa kijiti, umetoka umekunjamana, mahali pamoja umekatika. Nimeitukana deki. Nimemtukana na Idi, kwa nini hakurekodi mbili. Sina sauti yake nyingine popote.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeupeleka kwa Fundi Haruna, sokoni. Anasema anaweza kuihamishia filamu kwenye flashi. Mtu mzima, mpole, ana mvi kunizidi. Akaniuliza nataka nini hasa.

Hapo nikaona haya. Nina miaka sitini na moja, wateja wawili wamesimama nyuma yangu, niseme nataka sauti ya mume wangu? Nikasema nataka filamu isikike vizuri. Basi. Kaandika hivyo hivyo kwenye karatasi, kaibandika juu ya mkanda.

Jumanne, 13 Mei

Bado. Nyumba kimya mpaka nalisikia friji linavyonguruma. Nimefagia mara mbili. Hakuna aliyeingia.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepewa flashi. Picha safi ajabu, hata vifungo vya mashati unaviona. Wazungu wanaongea Kiingereza chao. Nimesubiri dakika ya tisa. Mlango umegongwa. Idi hayumo.

Nimerudi kwa Haruna na kandambili, sikumbuki hata kama nilifunga nyumba. Hakuelewa kosa lake. "Mama, ule ulishaharibika," akasema. "Halafu kuna mtu anapayuka mwanzo mpaka mwisho. Nimekutafutia mtandaoni filamu nzima, safi."

Mtu anapayuka. Nilitamani kumnasa kibao. Kisha nikaiona karatasi yake, imebanduliwa, bado ipo mezani: isikike vizuri. Maneno yangu mwenyewe.

Nikamuuliza mkanda uko wapi. Gamba la plastiki kalitupa. Utepe kampa mama mkwe wake wa Igalula, aufunge juu ya mpunga, atishie ndege. Kila msimu watu wanamwomba tepu za zamani kwa kazi hiyo.

Sijala. Najilaumu mimi tu. Saa moja na dakika ishirini za Idi sijawahi kuzisikia, nikazibania kama sukari ya wageni. Siku za banda je? Nilikuwa nje nakaanga mihogo, namgombeza apunguze sauti. Na bandani alitafsiri kwa mdomo, kila siku anabadilisha maneno; kwenye mkanda alirekodi mara moja tu. Sasa sitajua misukule aliwaambia nini waliposhaingia ndani.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda Igalula na gari la asubuhi. Mama mkwe wa Haruna anaitwa Mama Kabula. Kanizidi miaka, nimempa shikamoo yake, kanipeleka majarubani bila maswali mengi.

Utepe umefungwa kutoka mti hadi mti, juu ya mpunga wote, unametameta. Jua limeanza kuupausha. Umekatika, ukafungwa mafundo, ukakatika tena. Nilipouona tu nilijua hakuna fundi hapa duniani wa kuurudisha. Upepo ukija unavuma. Mvumo mmoja mnene, unapanda, unashuka. Hakuna neno ndani yake. Nimesikiliza sana, hakuna.

Nimemweleza Mama Kabula yote. Nilichoshindwa kumwambia Haruna nimemwambia mtu nisiyemjua, nimesimama kwenye matope. Akaanza kufungua mafundo anirudishie. Nikamshika mkono. "Acha, mama. Mpaka uvune."

Astaghfirullah, lakini nimewaza: Idi kawa msukule kweli. Kazikwa Tabora, anatumikishwa Igalula, analinda mpunga wa watu. Nimecheka kwa sauti. Halafu kilio kikanishika, na sikukizuia. Mama Kabula kakaa nami kwenye tuta. Kwelea, wale ndege wa mpunga, walikuja kundi zima, upepo ukavuma, wakageuka wakaenda zao. Anasema tangu aufunge hawajamsumbua.

Jumapili, 18 Mei

Salma. Umekula, mama? Nikamwambia sijala, na kwa nini. Akasema hakumbuki sauti ya baba yake ilikuwaje. Alikuwa mdogo. Ningemwita aje asikie, hata Ijumaa moja. Sikumwita.

Ijumaa, 23 Mei

Alasiri nimeswali. Mlango nimeurudishia tu, sikuufunga.

Flashi nimeichomeka kwenye televisheni, sauti nimeitoa yote. Dakika kumi za Idi nimezisema mwenyewe, neno kwa neno, hata kile kikohozi chake cha mwanzo. Wakagonga. Karibuni, ila vueni viatu, mke wangu ndiyo kwanza amefagia.

Hapo huwa nazima. Kidole kilishafika kwenye rimoti. Nikaiweka chini.

Misukule wakaingia. Ndiyo mara ya kwanza nawaona ndani. Wamesimama katikati ya bekari, wanaangalia huku na huku, hawajui waende wapi. Idi angekuwa na la kuwaambia. Nikasubiri kidogo.

Nikawaambia wakae, nina chai.