Jina la Mia Nne Kumi na Tatu

CHAMA CHA WATUNZA MAJINA, LURAMBI

Kumbukumbu za kikao cha kupokea programu ya simu kutoka kwa Kampuni, kilichofanyika Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 katika ukumbi wa shule ya chekechea, Shieywe, Kakamega, kuanzia saa nane na dakika ishirini mchana. Kilikuwa kianze saa saba.

WALIOHUDHURIA
Mzee Elkanah Shikanga – Mwenyekiti
Mama Muhonja – Mwanachama, na mwenye sauti inayosikika katika programu. Ni mama mkwe wa Katibu.
Bw. Bravin – Mwanachama, mwana wa Katibu
Bi. Naliaka – Katibu

WAALIKWA
Bw. Eugene Cheruiyot – Meneja wa mradi, kutoka Kampuni, Nairobi
Bi. Mitchel – Msanifu wa programu, kutoka Kampuni
Bi. Awinja, mke wa Bravin, pamoja na mtoto wao wa kiume wa wiki sita, ambaye hajapata jina

ALIYETUMA UDHURU
Bw. Abdulmalik – yuko Mumias kwa akika ya mjukuu. Alisema wao jina limeshapatikana siku ya saba, na anatuombea na sisi.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliomba dua ndefu, akiibariki Kampuni na mtandao wake. Mvua ilianza katikati ya dua na Mwenyekiti akapandisha sauti.

Kwa ajili ya wageni, Mwenyekiti alieleza kazi ya Chama. Katika familia zetu, mtoto akilia bila kukoma huitiwa majina ya jamaa waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina linalomnyamazisha ndilo lake, na mwenye jina hilo amerudi nyumbani. Wazee wanaoyajua majina wanakwisha, na kila anayeondoka anaondoka nayo. Ndiyo maana Chama kiliiomba Kampuni iunde programu ya kuyaweka na kuyaita, pamoja na kuweka ndoto ambamo waliotangulia hujitokeza. Leo ndiyo siku ya kutia sahihi ya kuipokea.

KUMB. NA. 2/6/2025: YALIYOTOKANA NA KIKAO KILICHOPITA
Mwenyekiti alilalamika kwamba katika kumbukumbu zilizopita Katibu aliandika kuwa yeye "alisinzia kuanzia saa tisa hadi saa kumi". Alisema hakusinzia, alikuwa ametembelewa na waliotangulia. Katibu alikubali kurekebisha, na sasa isomeke: "Mwenyekiti alitembelewa kuanzia saa tisa hadi saa kumi, huku akikoroma."

KUMB. NA. 3/6/2025: NDOTO ZILIZOPOKELEWA
Bravin hakuwa na ndoto. Mwenyekiti aliota shamba la miwa ambalo halikuwa na mwisho, na marehemu mke wake akitembea mbele bila kugeuka, akimwambia asikanyage maji. Alipoamka nyayo zake zilikuwa na unyevu. Mvua juu ya mabati ilikuwa imetulia, na hata wageni walionekana kama watu wanaosikiliza kitu kilicho mbali.

Mama Muhonja alisema ameota ndoto ileile mara tatu. Kijana amesimama mlangoni pa zizi, viatu mkononi, hataki kuingia. Anauliza mbona wengine wanaitwa na yeye haitwi.

Katibu aliandika "kijana asiyejulikana". Mama Muhonja, ambaye hasomi bila miwani lakini anajua kalamu inaenda wapi, alisema kwa maneno yake mwenyewe: "Wacha kuandika uongo, Naliaka. Ni Willis. Mimi ndiye nilimwoshanga miguu akiwa mdogo, nitakosa kuijua?"

Kwa faida ya wageni: Willis ni mwana wa kwanza wa Katibu. Alikwenda ng'ambo kutafuta kazi mwaka wa 2016, na mwaka uliofuata simu yake ikanyamaza. Hakuna barua wala maiti, na hakuna aliyesema lolote. Katibu humwandikia ujumbe kila Jumapili baada ya kanisa. Kila ujumbe una tiki moja tu: umetumwa, haujafika.

Katibu alisema ndoto imepokelewa, na akaomba kikao kiendelee.

KUMB. NA. 4/6/2025: TAARIFA YA KAMPUNI
Bw. Eugene aliwasha projekta na kuonyesha programu ukutani, juu ya picha za tembo za watoto wa chekechea. Alieleza kwamba makosa ya toleo la kwanza yamerekebishwa. Wajumbe watakumbuka kwamba katika toleo hilo majina yaliitwa na sauti ya mashine isiyojua majina ya huku, na kila ndoto iliwekewa nyota kuanzia moja hadi tano. Chama kiliuliza ni nani atakayempa marehemu nyota mbili. Nyota zimeondolewa.

Sasa majina yote 412 yameitwa na Mama Muhonja, aliyerekodiwa siku tatu ndani ya ghala lake la mahindi. Jina la babu yake Mwenyekiti lilichezwa kama mfano, na kuku akasikika waziwazi akitetea nyuma yake. Mwenyekiti aliona ni dharau. Mama Muhonja alisema kuku abaki, kwa sababu mzee yule akipikiwa ingokho, yaani kuku, alikuwa hagawii mtu. Kuku amebaki.

KUMB. NA. 5/6/2025: KISANDUKU CHA TATU
Bw. Eugene alieleza kwamba kila jina lina visanduku viwili, "Hai" na "Marehemu", na programu huita walio katika kisanduku cha pili tu.

Katibu alikumbusha kwamba tangu Machi ameomba kisanduku cha tatu, "Anangojwa", na hajajibiwa. Bw. Eugene alisema kwa upole kwamba programu inahitaji kujua mtu yuko upande gani. Katibu alijibu kwamba hata yeye angependa kujua.

Mama Muhonja alisema kisanduku hicho ni cha kujifichia. Alisema Katibu ndiye aliyekusanya majina ya familia, na aliruka moja makusudi, na ndiyo maana mtoto wa Bravin analia wiki sita. Katibu alisema orodha ya kuitwa ni ya marehemu, na yeye hajazika mtu. Mama Muhonja alisema: "Na mimi si bibi yake? Unafikiri unangoja peke yako?"

Katibu alifungua ukurasa mpya.

Bi. Mitchel alisema: "Mama, hicho kisanduku nilikitengeneza kitambo. Nilikuwa nimekificha tu, juu boss alikataa." Bw. Eugene alimtazama kwa muda mrefu. Kisanduku kilifunguliwa ukutani, na kilikuwa kitupu.

KUMB. NA. 6/6/2025: MAJARIBIO
Mtoto alikuwa amelia tangu KUMB. NA. 4. Mwenyekiti alipendekeza programu ijaribiwe papo hapo, na Bi. Awinja akakubali, akisema amechoka kiasi cha kukubali chochote. Kadi ya kliniki bado imeandikwa "Mtoto wa Awinja".

Simu iliwekwa mezani na majina thelathini na saba ya familia yakaanza kuitwa. Sauti ya Mama Muhonja ilitoka polepole, kama mtu anayeita watu waingie kula kabla giza halijashika. Madirisha yalikuwa yamejaa ukungu. Jina lilikuja, likasimama ukumbini, likapita. Katibu anaandika alichokiona: hakuna aliyesogea, Mwenyekiti alifumba macho na hakukoroma, na Katibu mwenyewe alinusa moshi wa jikoni ya mama yake, iliyobomolewa miaka ishirini iliyopita.

Kwenye jina la kumi na tisa mtoto alipiga mwayo. Yalipokwisha yote alikuwa bado analia.

Simu ikaandika: "Je, kuna jina lingine?" Chini yake, "Ndiyo" na "Hapana". Kwa mujibu wa mkataba ni Katibu peke yake mwenye namba ya siri ya kuongeza jina. Wajumbe walimtazama Katibu. Katibu alibonyeza "Hapana".

Simu ilishukuru.

Mtoto alilia mpaka sauti ikaanza kukatika. Bravin alisema, "Mama. Tafadhali. Alikuwa ndugu yangu pia."

*(Kuanzia hapa naandika mimi, Mitchel. Katibu ameweka kalamu chini na Mwenyekiti amenipa daftari. Sijawahi kuandika minutes, mnisamehe.*

*Katibu amesimama. Amemchukua mtoto kutoka kwa Awinja, ameenda naye dirishani, ametugeuzia mgongo. Simu ameiacha mezani. Amekaa hivyo muda. Halafu amemwita yule kijana, mara moja, sauti ya chini, vile mtu anamwamsha mtu asichelewe shule.*

*Mtoto amenyamaza. Sijui niandike aje ingine. Amenyamaza, tunasikia mvua.*

*Nyanya Muhonja amejifunika uso na leso. Katibu amemwangalia mtoto, na mtoto anamwangalia. Amemsalimia: "Mulembe, Willis. Umekawia sana."*

*Anatabasamu na machozi yanashuka. Sasa ananyoosha mkono, anataka kalamu yake.)*

Katibu alirudishiwa kalamu. Anaishukuru Kampuni kwa kumshikia zamu, na anaomba iandikwe kwamba ilimuuma, na kwamba alifurahi, vyote kwa pamoja.

KUMB. NA. 7/6/2025: MAAZIMIO
(a) Jina liliongezwa na Katibu kwa mkono wake. Majina sasa ni 413. Mama Muhonja alilirekodi palepale, mara nne, kwa kuwa mara tatu za kwanza sauti ilimshinda. Katibu alimshika mkono.
(b) Bw. Eugene aliuliza kama kisanduku cha "Anangojwa" kifutwe, kwa kuwa hakina mtu. Katibu alisema kibaki. Wapo akina mama wengine Lurambi, Bukura na kwingineko, na wasiharakishwe na simu.
(c) Programu ilipokelewa na sahihi zikatiwa.

KUFUNGA
Mwenyekiti alianza dua ya kufunga, akagundua kwamba mtoto amelala, akaimalizia kwa kunong'ona. Kikao kilikwisha saa kumi na dakika hamsini jioni. Wajumbe walitoka mmoja mmoja kwa nyayo za pole, viatu mkononi.

Mwenyekiti: *E. Shikanga*

Katibu: *Naliaka*, mama yake Willis, na nyanya yake Willis