Kundi la Wazima

Jumanne, 4 Machi 2025

Leo nimetangazwa rasmi kuwa mzima. Sikuomba – nimepewa! Nilimpeleka Baba Faith kliniki yake ya Parkinson, huo ugonjwa wake wa kutetemeka, mjini, msichana wa utafiti akatukuta kwenye benchi. Anaitwa Christabel Akello, anasomea PhD, kwao ni upande wa ziwa. Anataka damu ya wagonjwa na ya wake au waume zao walio wazima, wanaokula chakula kimoja. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Miaka thelathini na tisa ya ndoa na kocha wa riadha, na leo ndiyo mara ya kwanza namshinda kwa jambo la mwili.

Nilimringia mpaka nyumbani Moiben. Akasema watu wazima huwa hawaongei hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Damu imetolewa, chupa mbili ndogo. Nikauliza wanatafuta nini humo. Mikro-RNA, Christabel akasema. Seli zina maagizo ya kutengeneza protini, na hivi vipande vidogo sana huzuia maagizo mengine yasitekelezwe kupita kiasi. Nikamwambia, kumbe ni maprifekti, viranja wa darasa. Nimefundisha darasa la nne maisha yangu yote, najua darasa lisilo na prifekti linavyokuwa. Alicheka, akasema mfano huo ataubeba.

Kuna protini inayorundikana kwenye ubongo wa watu kama Baba Faith. Prifekti mmoja kazi yake ni kuizuia, na inaonekana kwa wagonjwa wengine amepungua. Wanataka kujua kama damu inaweza kusema mapema, kabla mkono haujaanza kutetemeka. Nikauliza, majibu yangu nitapigiwa simu lini? Sitapigiwa. Bado ni utafiti, hauwezi kumwambia mtu mmoja chochote. Sawa. Mimi majibu yangu ninayo.

Mwisho tulitembezwa kwenye korido, mmoja mmoja, Christabel akishika saa. Nilitembea kama bibi harusi. Baba Faith alikuwa amekaa mwisho wa korido akiangalia. Njiani hakunitania hata mara moja. Njaa, labda.

Ijumaa, 7 Machi

Ng'ombe, chai, vifungo. Kila asubuhi namfunga Baba Faith vifungo vya shati, naye ananihimiza kama niko uwanjani. Leo vilinichelewesha. Matundu ya shati jipya ni madogo mno. Hakunihimiza.

Jumapili, 9 Machi

Tukitoka kanisani aliniambia nitangulie. Nikafikiri amechoka. Mara nikasikia nyuma yangu, "Mama Faith. Left hand."

Nikamuuliza imefanya nini.

"Haifanyi kitu. Hiyo ndiyo shida. Ya kulia inaenda, ya kushoto imelala."

Aliiona Alhamisi, kwenye korido. Mtu aliyewapigia vijana kelele warushe mikono wakikimbia miaka yote hiyo, ataacha kuona? Nikamwambia asinifanyie mazoezi nikiwa na gauni la kanisani. Nikaurusha mkono. Ukaenda vizuri kabisa! Nikaanza kumsimulia habari za harusi ya mtoto wa jirani, nikausahau.

"Imelala tena," akasema, polepole.

Nimemkasirikia mchana kutwa. Lakini hapa daftarini sina wa kumficha: naogopa. Mgonjwa mmoja nyumbani tunamweza. Wakiwa wawili, nani atamfunga mwenzake vifungo?

Jumatatu, 10 Machi

Nilimpigia Christabel nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliuliza ni mkono gani, tangu lini, kama bega linauma. Akasema huenda ni bega tu, yeye si daktari wa kuamua, kesho daktari yupo kliniki, tuje.

Nikauliza damu yangu je, daktari akinikuta na kitu, si nitatolewa kundi la wazima? Si itakuwa imepotea bure?

"Haipotei, Mama. Ya mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza kuugua ni ngumu sana kupata. Hiyo ndiyo tunatafuta."

Nilimwambia Baba Faith. Akasema, "Kumbe hata huko unataka kushika namba one." Nilicheka mpaka nikalia kidogo. Yeye pia.

Jumanne, 11 Machi

Kwenye benchi tena, ile ile. Ila leo yeye ndiye amenileta mimi.

Baridi ya asubuhi. Nimevaa sweta na vifungo vimenishinda, mkono wa kushoto hautaki kushika. Nikasema sweta limezeeka. Baba Faith amegeuka, ameanza kunifunga yeye. Mikono yake inatetemeka, kifungo kinakwepa tundu kama ndama asiyetaka dawa. Watu wote wanatuangalia. Mimi naandika kwa mkono wa kulia ili nisimwangalie usoni, kwa sababu nikimwangalia tutacheka, au kinyume chake.

Ananiambia nitulie, eti namtikisa. Mimi ndiye namtikisa!

Cha kwanza kimeingia.

Nesi ametoka mlangoni, ameita, "Mama Jepchirchir." Ndiyo mimi. Nimeinuka nusu, Baba Faith amenivuta nikae. Kichwa hajakiinua. Amemwambia nesi atungojee kidogo, bado vifungo viwili.