Chanda Amepelekwa Kilwa

Jumatatu, 3 Machi

Dagaa wengi, jua kidogo. Nimeanika, nimeanua, nimeanika tena. Jioni kwa Yaya Odette, dada mkubwa wetu sote hapa Zambia, kama kawaida: televisheni yake juu ya kreti, kina mama wa Kongo kwenye mikeka, mimi mbele nikigeuza Kibemba cha mchezo wa kuigiza kuwa Kiswahili. Sauti imekauka. Bila mimi wangeona midomo tu.

Mwandishi wa mchezo huu ana kipaji, haki yake nampa. Chanda wake anasugua sufuria, hasemi neno, na sote tunajua mume amempiga tena. Lakini kupanga hajui. Akikwama anampoteza mtu, kisha anamrudisha kwa ngoma na vigelegele. Chanda mwenyewe alishazama ziwani, tukamlilia, akarudi mzima.

Hapo ndipo Mama aliponasa. Siku tuliyokimbia Kongo, dada yangu Alphonsine alipanda mtumbwi wa nyuma yetu. Haukufika. Mama alikataa matanga, mpaka leo anakataa. Tangu Chanda arudi, anaomba kila usiku na jina la Alphonsine analitaja kwa sauti. Anakula. Amenenepa kidogo. Namshukuru yule mwandishi, namwogopa pia.

Jumatano, 5 Machi

Chanda amekufa. Homa, sindano moja, shuka usoni, basi. Mwanamke aliyeshinda ziwa! Watu wanasema mwigizaji amepata kazi nyingine Lusaka. Ndiyo utuulie mtu hivyo? Mvivu mkubwa.

Mama alinishika mkono. Nikasema Chanda amelala, wamemfunika kwa sababu ya mbu.

Yaya Odette anajua Kibemba. Alinitazama, akaongeza sauti ya televisheni.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba wenyewe. Jeneza, nyimbo, kila kitu. Nikasema wanamzika mama mkwe wa Chanda. Kina mama wakapiga makofi, kwa maana yule mama mkwe hakuna aliyempenda. Halafu mama mkwe akatokea na kitambaa cheusi kichwani. Nikasema ni pacha wake.

Pacha! Mimi niliyemcheka mwandishi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama ameuliza Chanda yuko wapi. Nimempeleka kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani, kwa shangazi yake, apumzike. Ilitoka tu. Uongo hauna miguu, lakini wangu umepata boti.

Jumamosi, 8 Machi

Mama hakuwa nyumbani. Nilikimbia hadi bandarini bila kufunga kitenge vizuri. Nilimkuta ameshaketi botini katikati ya magunia ya chumvi, safari ya Kilwa. Upepo mbaya, ziwa limevimba. Yeye hata kuogelea hajui.

Mama si mjinga. Anajua mchezo ni mchezo. Aliniambia, "Kama ule mutu ameandika Kilwa, njo alisikia kintu kule. Pengine kuko batu balibakia." Watu waliobaki hai, alimaanisha, na Alphonsine miongoni mwao.

Mwenye boti alikuwa anavuta kamba ya injini. Niliingia majini na viatu. Nikamwambia yote mbele ya abiria: Chanda amekufa, pacha ni wangu, Kilwa ni yangu. Hakuna mtu aliyeandika Kilwa.

"Na Alphonsine?"

Nilitafuta neno. Kwa siku tatu maneno yalikuwa yananijia yenyewe, leo hata moja. Nikasema naye amekufa, Mama. Sijawahi kulisema. Alinipiga kofi. Kisha akanipa mkono nimshushe.

Jumapili, 9 Machi

Hakwenda kanisani. Hali chakula. Haniangalii. Nimeomba Mungu anichukue mimi, nikaona aibu, nikaacha. Nimemuua dada yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimelia chooni asinisikie.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi Mama alitandika mikeka nje, akafunga kitenge kifuani, akaketi chini. Kina mama wakaja mmoja mmoja. Habari za botini zilishawafikia; wengine walidhani ni matanga ya Chanda. Yaya Odette alileta sukari na mkaa.

Mama akasema, "Ule wa televizio balimuzika. Leo tunalia mutoto wangu."

Akanitaka nimsimulie Alphonsine, toka kuzaliwa. Nikasimulia. Ukaidi wake, meno yake ya mbele, alivyoiba maziwa ya unga. Sikuongeza kitu. Nilipofika kwenye mtumbwi nikashindwa.

Mama akamalizia mwenyewe. Ulizama, alisema. Halafu akaomba chai.